Kabla ya Kulaumu Mswaki



Katika kliniki yetu ya Jumatano, ile ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, tuna mizani, tuna kipimo cha presha, tuna kile kidude cha kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole, na tuna futi kamba ya kupimia kiuno. Kwa miaka mingi hatukuwa na kitu chochote cha kuangalia kinywani. Mgonjwa alipanda mizani, akafungwa mkono, akatobolewa kidole, akaandikiwa dawa, akaenda zake. Mdomo aliufungua kwa ajili ya kusalimia tu.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mzee mmoja, katekista wa kigango kilicho mbali kidogo na hospitali. Alikuja kung'olewa jino. Jino lenyewe halikuwa na tundu, lilikuwa likicheza tu, kama mti wa ua uliooza chini. Lilikuwa la nne katika muda wa miaka miwili. Mara tatu za kwanza nilikuwepo mimi mapokezi. Nikamwandika, nikampa pole, nikamwelekeza chumba cha meno. Mzee alikuwa mtu wa mwili, kilo 96, na tulizoea kumtania kwamba parokia inamtunza vizuri. Mara ya nne tulikuwa tumepata tabibu wa meno mpya, binti aliyetoka chuoni siku si nyingi. Alimwangalia kinywani kwa muda, kisha akanigeukia akasema, "Sista, huyu baba amewahi kupimwa sukari?" (Mimi si mtawa, nina mume na wajukuu wawili, lakini huku kwetu kila muuguzi ni sista.)

Hakuwahi kupimwa. Tukampima hapo hapo, ikaja 19. Mtu mzima ambaye hajala kitu tangu usiku akifikisha 7 huhesabiwa kuwa na kisukari, na hata aliyetoka kula akifika 11 na zaidi huku ana dalili, jambo limekwisha kujulikana. Nikamwuliza kuhusu kiu na kukojoa usiku. Akacheka, akasema anaamka mara nne au tano, alidhani ni uzee.

Kadi ya mzee yule ilikuwa imepita mikononi mwangu mara tatu. Mara tatu tulimtoa jino tukamrudisha nyumbani na ugonjwa uliokuwa ukiling'oa. Jambo hilo limenikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niandike mwezi huu habari ya fizi, ingawa najua wengi mngependa niendelee na malaria.

Maoni yangu ni kwamba tumeufanya ugonjwa wa fizi kuwa kosa la mswaki peke yake. Mtu fizi zikimtoka damu tunamwambia, "Hupigi mswaki vizuri," basi tumemaliza. Mswaki una sehemu yake kubwa, nitaisema. Lakini fizi ni nyama ya mwili huu huu unaokula, unaonenepa, unaokaa au kutembea, wala hazina mwili wao wa pembeni.

Ndimu na kiseyeye

Ukimwuliza mtu yeyote hapa kwetu kwa nini fizi zinatoka damu, atakujibu kwa neno moja: kiseyeye. Na dawa anayo: ndimu. Jibu hilo lina ukweli wa kale, na ukweli wenyewe ulipita katika pwani yetu hii. Mwezi Januari 1498, mabaharia Wareno wa Vasco da Gama walikuwa wametia nanga kwenye mto upande wa Quelimane, Msumbiji. Wengi wao walivimba mikono na miguu, na fizi zikaota juu ya meno hata wakashindwa kula. Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa kwa ugonjwa huo huo. Walipofika Malindi, Januari 1499, kiongozi wao alituma watu nchi kavu kutafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Kwa wengine yalichelewa.

Ilipita karibu miaka 250 ndipo daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, mwaka 1747, akachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa dawa sita tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Leo tunajua ni vitamini C. Mwili ukiikosa hauwezi kutengeneza zile nyuzi zinazoshikilia nyama, mishipa ya damu na meno mahali pake.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya meli za zamani tu. Mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma huko Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walipatikana na kiseyeye. Posho ya kambini ilikuwa nafaka, kunde na mafuta. Matunda na mboga mbichi walikuwa hawapati. Kwa hiyo mtu anayeishi kwa ugali na maharage mwaka mzima, au mzee aliyeachwa peke yake na chai na mkate, kiseyeye anaweza kukipata.

Lakini wengi wanaokuja kwangu na ndimu mfukoni hawana kiseyeye. Wanatoka katika nyumba zenye mwembe mlangoni. Damu yao inatokana na ukoga, yaani ule utando laini wa vijidudu unaojijenga kwenye meno kila siku, hasa pale jino linapoingia kwenye ufizi. Ukoga usipoondolewa hukauka na kuwa mgumu kama chokaa, na hapo huitwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa maji ya chumvi. Hutolewa na tabibu wa meno kwa vyombo vyake. Na hiyo ndimu ukijisugulia kwenye meno kila asubuhi, asidi yake inakula gamba la jino. Ndimu ni ya kukamulia kwenye mchicha.

Ugonjwa huu una hatua mbili, na tofauti yake ni kubwa sana. Hatua ya kwanza fizi huwa nyekundu, zimevimba, zinatoka damu ukipiga mswaki. Mtu akisafisha vizuri asubuhi na usiku, na ugaga ukitolewa, hupona kabisa kwa wiki chache. Kosa la wengi ni kuacha mswaki kwa sababu unaleta damu, na hapo ndipo wanapouongezea ugonjwa. Hatua ya pili ufizi huachia jino, pakawa na mfuko kati yao, na ndani ya mfuko huo mfupa wa taya ukaanza kulika polepole. Mara nyingi hauumi. Mtu anasikia harufu mbaya, anaona meno yamekuwa marefu au yameachana, na siku moja jino linacheza. Mfupa uliokwisha kulika haurudi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilisema kwamba watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa aina hii ya pili. Basi mwenye meno yanayocheza asijione amelogwa peke yake.

Ukoga mmoja, watu wawili

Sasa ndipo penye swali langu. Mtu mmoja ana ukoga mwingi, hajui mswaki ni nini, na meno yake yote yako imara akiwa na miaka 60. Mwingine anapiga mswaki kila siku na fizi zinaachia akiwa na miaka 40. Wauguzi wote tumewaona watu wa namna hii. Sehemu ni urithi wa damu. Sehemu ni tumbaku. Mvuta sigara huharibu fizi zake na moshi huohuo huzificha, kwa maana hazitoki damu sana, akadhani ni nzima. Lakini sehemu nyingine ni jinsi mwili unavyopigana na vijidudu vile. Vijidudu huanzisha vita, ila mfupa wa taya huharibiwa zaidi na vita vyenyewe, yaani ule uvimbe na joto la mwili kujikinga, vikiendelea miaka na miaka bila kwisha.

Kuna jaribio moja dogo nalipenda sana. Huko Uswisi watu 10 waliishi wiki nne kama watu wa zama za mawe, bila mswaki, bila dawa ya meno, bila sukari wala unga mweupe. Walikula nafaka zisizokobolewa, matunda ya porini, maziwa, asali kidogo na nyama kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Ukoga kwenye meno yao uliongezeka, kama ilivyotazamiwa. Lakini sehemu za fizi zilizotoka damu zilipoguswa zilipungua kutoka kiasi cha asilimia 35 hadi 13. Watu 10 ni wachache, na sisemi mtupe miswaki. Ila nilipoisoma habari ile nilimkumbuka bibi yangu, aliyekufa na meno yake, aliyekula ugali wa mtama, kisamvu na mapera, na soda akaionja kwenye harusi tu.

Sukari hufanya mabaya mara mbili. Kwanza inalisha vijidudu vya kinywani, na hapo kila mtu anajua habari ya meno kutoboka. Pili, ikiwa nyingi siku zote pamoja na vyakula vilivyokobolewa, inaufanya mwili mzima uishi katika hali ya uvimbe wa chini chini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula, na ingefaa ipungue hata nusu ya hapo, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa siku. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30 au zaidi. Ni vijiko 7 au 8. Umekwisha kupita kiasi kabla hujanywa chai.

Mafuta ya kiunoni si mzigo tu

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba mafuta ya mwili ni ghala, kama mahindi kihengeni, yanakaa yakingoja njaa. Siku hizi inajulikana kwamba ghala hilo linafanya kazi mchana na usiku. Mafuta, hasa yale ya tumboni, hutoa kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe, zile zile zinazopatikana katika ufizi unaoumwa. Mtu mnene, hata kama hana ugonjwa uliotajwa kwa jina, anaweza kuwa na moto mdogo unaowaka ndani. Kijidudu kikifika kwenye ufizi kinakuta makaa tayari.

Mwaka 1998 madaktari wa Japani waliandika habari za watu 241 waliokuwa na afya njema; walionenepa zaidi ndio waliokuwa na ugonjwa wa fizi zaidi. Tangu hapo uchunguzi wa namna hiyo umefanyika katika nchi nyingi, na kwa sehemu kubwa umeelekea upande huo huo. Lakini niseme wazi, kwa sababu magazetini watu hupenda kuvuta mambo: vitu viwili kwenda pamoja si lazima kimoja kiwe kimemzaa mwenzake. Pengine anayekunywa soda nyingi ananenepa na fizi zinaharibika, vyote kwa soda ile ile. Hakuna wa kukuahidi kwamba ukipunguza kilo 10 jino linalocheza litashika. Akitokea mtu na chai ya kupunguza mwili akakwambia inaponya na fizi, mwache aende na chai yake.

Pa kusimamia kwa miguu miwili ni kwenye kisukari. Hapo uhusiano ni wa pande mbili. Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa midogo ya fizi, hudhoofisha askari wa mwili, hukausha mate; na mate ndiyo maji ya kuoshea kinywa usiku na mchana. Kwa upande wa pili, fizi zenye usaha zinaufanya mwili usiitikie vizuri kazi ya insulini, sukari ikapanda. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi, kwa kusafishwa ugaga hadi ndani ya mifuko, walishuka kipimo chao cha sukari cha miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4. Mtu wa nje ataona ni kidogo. Sisi tunaohangaika na wagonjwa hao, tukiongeza kidonge na bado sukari haisikii, tunajua kwamba si haba. Na imepatikana kwa kukwangua meno!

Na unene kwetu hauzungumziki kirahisi. Nilipoanza kazi, miaka ya 1990, aliyepungua mwili alinyooshewa kidole. UKIMWI ulikuwa umeingia kila ukoo, dawa hazikuwepo, na mwanamke akikonda majirani walianza kumzika kwa maneno. Nina mgonjwa mmoja, mama wa makamo, ambaye hadi leo hataki kupungua, ananiambia, "Sista, nikikonda mtasema nini nyuma yangu?" Siwezi kumcheka. Lakini wakati umebadilika na sisi hatujabadilika. Takwimu za taifa za Tanzania zilionyesha kwamba mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Ilipofika 2015-16 walikuwa 28. Mwili tuliouona kuwa dalili ya afya ndio unaojaza benchi la Jumatano.

Wala isidhaniwe kwamba wembamba peke yake ni kinga. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, hasa baada ya surua, anaweza kupata kidonda cha ufizi kinachokula shavu kwa siku chache. Ugonjwa huo huitwa noma, huwashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 katika nyumba za umaskini mkubwa, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiona ufizi wa mtoto dhaifu umekuwa na kidonda kinachonuka, usingoje kesho. Dawa za kuua vijidudu zikiwahi, pamoja na chakula, uso wake unaokoka.

Mkimbiaji naye ana fizi

Habari ya mazoezi nitaikata fupi. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata wanaume wafanyakazi wa afya kwa miaka mingi. Waliofanya mazoezi zaidi walipata ugonjwa wa fizi pungufu kwa kiasi cha asilimia 13 kuliko waliokaa zaidi. Mwili unaotembea hutumia sukari vizuri zaidi na uvimbe wake wa ndani hupoa. Hiyo ni faida, lakini ni ya kawaida tu, na mswaki hauwezi kuachwa kwa ajili yake. Wakati wa michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 2012, wanamichezo 302 waliangaliwa kinywani, wengi wakitoka Afrika, Ulaya na Amerika. Hawa ni watu wenye miili ambayo mimi na wewe hatutakuwa nayo kamwe. Zaidi ya nusu walikuwa na meno yaliyooza, na 76 katika kila 100 walikuwa na fizi zilizovimba. Vinywaji vitamu vya mazoezini vina sehemu yake, na kukauka mdomo, na kutomwona daktari wa meno. Kwa hiyo vijana wa timu ya parokia wanaomaliza mechi kwa soda mbili mbili wasijidanganye kwamba jasho limelipa.

Na mama anayelima, anayechota maji, anayebeba kuni kichwani, simwambii neno juu ya mazoezi. Nitaona aibu. Nawaambia madereva, makarani, wenye maduka, walimu, mapadre wenye magari, na sisi wauguzi ambao tukitoka zamu ya usiku tunapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 za wiki, ndicho kiasi kinachoshauriwa, na hakihitaji viatu maalumu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kilo 83 kwa urefu ambao siutaji. Zamu ya usiku nilikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, kikombe hiki na kile, pamoja na biskuti za wagonjwa walioruhusiwa wakatuachia. Fizi zangu zilikuwa zikitoka damu hata nikila tufaa. Yule tabibu wetu alinitoa ugaga, akanionyesha namna ya kushika mswaki (miaka 50 ya maisha yangu nilikuwa nasugua kama nafua sufuria), na mwezi huo huo nikaanza kutembea na kupunguza sukari. Sasa nina kilo 76 na damu imekoma. Siwezi kukuambia ni kipi kilichoikomesha, kwa kuwa vyote nilivifanya pamoja. Tabibu anasema ni ugaga kutoka. Mume wangu anasema ni mazoezi, kwa sababu ndiye aliyelazimika kutembea nami.

Jino likitoka, sahani hubadilika

Kuna upande mmoja sijaona ukisemwa sana, nao ndio ninaouona kila wiki. Mtu akipoteza magego hawezi tena kutafuna. Anaacha mahindi ya kuchoma, miwa, karanga, mapera, karoti, nyama. Anahamia kwenye vyakula laini. Na laini kwetu ni nini? Ni wali mweupe, mkate mweupe uliochovywa kwenye chai ya sukari, uji wa sembe, maandazi, soda. Chakula kile kile kinacholeta unene na kisukari kinakuwa ndicho pekee anachokiweza. Kisukari kinaachisha meno mengine. Yule katekista, nilipomwuliza anakula nini, alinijibu, "Kile kinachopita." Tulikuwa tumemtengenezea mduara, tukawa tunamsukuma ndani yake kila alipokuja.

Wengine mduara huwapeleka upande wa pili, wakakonda, hasa vikongwe wanaokaa peke yao. Kwao nawaomba wakwe na wajukuu: mboga iponde, pera litwange, kunde zipikwe ziive sana, samaki atolewe miiba. Asiachiwe chai tu kwa sababu hana meno.

Kwa nyumba za kawaida ningependa kuona dona ikirudi mahali pa sembe, mahindi yakiwa yamekaushwa vizuri na kuchambuliwa, maana mahindi yenye ukungu yana sumukuvu. Ningependa matunda yaliwe yenyewe, siyo juisi iliyotiwa sukari. Pera moja kubwa lina vitamini C ya kutosha siku nzima, na kwa uzito ule ule linazidi chungwa zaidi ya mara tatu. Tunaliachia ndege kwa sababu halina bei sokoni. Mboga za majani zisichemshwe hadi zibadilike rangi, maana vitamini hiyo hufa kwa moto mrefu. Na maji ndiyo yawe kinywaji cha mikutano yetu. Sijui ni nani aliyeanzisha kwamba mkutano wa jumuiya au wa WAWATA usio na soda ni wa kimaskini.

Wale wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia wasitishike na maandishi haya. Rangi ile ni ya madini ya floraidi katika maji na magadi mliyotumia utotoni. Sio uchafu wala ugonjwa wa fizi. Mama wajawazito nao fizi zao huvimba na kutoka damu kirahisi kwa sababu ya homoni. Wasiache mswaki, na wasisubiri kujifungua ndipo waende kwa tabibu.

Ninalolidai kwa wenzangu wa kazi ni dogo. Kila mgonjwa wa kisukari aangaliwe kinywani angalau mara moja kwa mwaka. Kila mtu mzima anayekuja kung'olewa jino linalocheza, halina tundu na hakuanguka, apimwe sukari kabla ya ganzi. Nimeambiwa na baadhi yao kwamba kazi zimezidi, wauguzi hatutoshi, na meno yana idara yake. Ni kweli kazi zimezidi. Lakini kuangalia fizi kwa tochi hakuchukui hata dakika moja, na tone la damu tunalo kila siku. Mzee wangu alikuja mara tatu. Kipimo kimoja mwanzoni kingempunguzia miaka miwili ya kisukari kisichotibiwa, na huenda meno mawili.

Hospitalini kwetu tulianza na tochi ya kawaida na vijiti vya kubonyezea ulimi. Mwanzoni wagonjwa walishangaa. Mama mmoja aliuliza kama tumehamishia kliniki ya meno kwetu. Baadaye walizoea. Katekista anaendelea na dawa, amefika kilo 85, sukari inakwenda ikirudi, meno yaliyobaki tumeyakwangua na kwa sasa hakuna jingine linalocheza. Akifika huufungua mdomo kabla hajaketi.

Wanaokuja kliniki ya Jumatano tunawaomba waje na miswaki yao, ya dukani au ya mti, tuone wanavyoitumia. Tochi tunayo.